Wimbo Ule Una Mwenyewe

Kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi pale kijijini Ipililo hajioni mwizi. Mkemee uone: "Mimi namtangaza huyu msanii, alitakiwa anishukuru!" Kompyuta iko mezani, spika inanguruma, na mzee aliyetoka kuuza pamba anachaguliwa nyimbo za asili za Kisukuma. Siku hizi kijana huyohuyo hurekodi kwa simu manju, mtunzi na mwongozaji wa nyimbo za ngoma, akiimba harusini, akabandika jina la chaneli yake juu ya video, akaipakia YouTube. Manju hana habari.

Utetezi wa "namtangaza" una wenzake. Kampuni ya simu iliyokuwa ikiitwa Tigo ilishtakiwa na wasanii AY na MwanaFA kwa kuzifanya nyimbo zao, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", miito ya simu bila idhini yao. Utetezi kwamba nyimbo zililetwa na kampuni nyingine haukuiokoa. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru iwalipe wasanii hao zaidi ya shilingi bilioni 2. Tigo ilikata rufaa, na ilikuwa na mawakili wa kuikatia. Kijana wa Ipililo atamtoa wapi wakili?

Wengi hudhani manju asiyesajili wimbo popote hana haki. Sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, na anayeitumbuiza naye analindwa. Kuandika "haki zote ni za mwenye wimbo" chini ya video hakumpi mpakiaji ruhusa. Ni kukiri tu kwamba alijua mali si yake.

Kisha ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Anayekiuka hakimiliki kwa kompyuta, hata bila kufanya biashara, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Akifanya biashara, faini huanzia milioni 20. Kilo ya pamba ikinunuliwa kwa shilingi 1,000, hizo milioni 5 ni tani 5 za pamba.

Kijana, kabla ya kupakia, mfuate manju. Kubalianeni mgawo, muandikiane mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala yake.