Mtoto, Fundi na Boksi la Kompyuta

Mwana wa dada yangu, aliye gredi ya tisa, alinijia baada ya isha na karatasi mbili mkononi. "Shikamoo, mjomba. Mama amenituma nije kutaka rai yako." Karatasi ya kwanza ilikuwa na bei ya kompyuta ya gemu iliyokwisha kuundwa, ya kuchomeka na kuwasha. Ya pili ilikuwa orodha ya vipande: prosesa, madabodi, ramu, diski, kadi ya michoro, pawa saplai na boksi lenyewe, lile ambalo mitaani tumezoea kuliita sipiyu. Pesa zilikuwa akiba ya mamake, zilizotoka kwenye samaki anaouza hapa Jomvu Kuu. Kwao hakuna mwenye kuijua kazi ya kuunda kompyuta.

Sikumjibu usiku ule. Aliniuliza habari ya bei, nami niliona kwamba jambo lenyewe ni la malezi.

Bei haiaminiki. Mwaka 2020 na 2021 chipu zilipoadimika duniani, na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni wakazigombania kadi za michoro, kuna walioona nafuu kununua kompyuta nzima kuliko kuitafuta kadi peke yake. Wakati mwingine kuunda ndiko kwenye nafuu. Na huku kwetu kuna njia ya tatu, ambayo vijana wengi hushika: kununua kompyuta kuukuu ya ofisini iliyotoka ng'ambo, kisha kuitia kadi. Njia hiyo nayo ina masharti yake. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake kutoka pawa saplai, na kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo. Boksi jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Asiyeyajua haya hununua kadi nzuri, akafika nayo nyumbani isiingie.

Basi mtoto anahitaji mtu anayeyajua, na hapo ndipo wajibu wetu unapoanzia. Wajomvu wa hapa kwetu ni miongoni mwa Tisa Taifa, katika zile Taifa Kumi na Mbili za Mombasa; ni watu wa hori na mikoko. Zamani mtoto aliyetaka kujua kuunda chombo cha baharini hakurundikiwa mbao akaachwa nazo, wala hakudhaniwa amejua kwa kuwa babake ana chombo. Alipelekwa kwa fundi, akakabidhiwa kwa maneno. Mzazi hakulazimika kujua kushika tezo. Alilazimika kumjua fundi: ni mkweli? Ana subira? Ulimi wake ukoje mbele ya mtoto? Leo tunawakabidhi watoto wetu kwa video. Video hufundisha mkono, lakini haimwoni mtoto anapoficha kosa lake.

Basi tukaishika karatasi ya pili, nikampata fundi wa makamo huko Changamwe ninayemjua kwa uaminifu, tukapatana vipande vije kwake Jumamosi. Sharti lake lilikuwa moja: yeye hatagusa kitu, kijana ndiye atakayeunda. Alimwambia kwanza aguse chuma cha boksi, umeme mdogo ulioko mwilini umtoke usije ukaua chipu. Ilipofika zamu ya ramu, kijana aliigeuza kinyume na kuikandamiza. Fundi akamshika kifundo cha mkono. "Usisukume. Kitu kikikataa, kitazame." Akatazama, akaona pengo la ramu halikukaa katikati, na kwamba tundu lina kijino mahali pale pale. Akaigeuza, akabonyeza ncha zote mbili hadi zikalia.

Walipowasha, feni zilizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi. Kijana akasema muuzaji wa kadi amewapunja. Fundi hakubishana naye. Alimwambia afuate waya mmoja baada ya mwingine, kuanzia ukutani. Alipofika nyuma ya boksi alinyamaza kidogo. Waya wa skrini alikuwa ameuchomeka kwenye madabodi badala ya kwenye kadi. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimekosea mimi." Kwangu mimi, neno hilo lilizidi thamani ya kompyuta nzima. Lilimtoka kwa sababu alikuwapo mtu mzima asiyemcheka wala kumsaidia kutafuta wa kulaumiwa.

Simlaumu mzazi anayenunua iliyo tayari. Mama arudiye usiku, au asiye na fundi wa kumwamini, ana haki ya kuchagua kitu kilichojaribiwa, chenye waranti moja na mlango mmoja wa kubisha kikiharibika. Lakini asidhani kwamba kwa kulipa amemaliza. Na aifunue hiyo kompyuta pamoja na mwanawe kila baada ya miezi michache, ikiwa waranti inaruhusu, waitoe vumbi kwenye feni na kutazama kutu, maana joto na chumvi ya pwani yetu havina huruma na vyuma. Mtoto anayekitunza kitu huanza kukijua.

Na njia hizi zote hufikia mlango mmoja: gemu yenyewe. Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautaja uraibu wa gemu: mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine, na kuendelea hata inapomdhuru. Mwaka 2018 Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari yale masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu, ambayo mchezaji hulipa bila kujua atapata nini. Ikiwa tunamkataza mtoto kamari ya mtaani, tusimfungulie nyingine chumbani. Dada yangu ameiweka kompyuta sebuleni, skrini ikielekea mlango. Huwashwa baada ya chuo cha Kurani na kazi za shule, na huzimwa kabla ya kulala. Kijana alilia siku ya kwanza. Mamake hakurudi nyuma, naye anajua kwamba mcha mwana kulia hulia yeye.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikujia na karatasi mbili, usiharakishe kutazama bei. Muulize nani ataketi naye. Ikiwa ni wewe, jitengee siku. Ikiwa huwezi, mtafutie fundi mwenye dini ya kazi yake, umkabidhi mtoto kwa maneno, na urudi kumuulizia. Kompyuta itachakaa kwa miaka michache. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.