Ngozi ya Mafuta

Asubuhi za Julai mafuta ya nazi huganda kwenye chupa, hata hapa Kariakoo. Ya alizeti, kwenye rafu hiyo hiyo, hayagandi. Tofauti ni mikia ya molekuli zake: mingi ya nazi imenyooka, inapangana kama magunia stoo, ya alizeti imepinda, haishikani. Samaki wengi wanaijua hesabu hii bila kwenda shule. Maji yakipoa, wanaongeza mikia iliyopinda kwenye utando wa seli zao, usije ukakakamaa.

Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, unene kama nanomita 5. Hauna fundi. Molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia hujipanga zenyewe.

Niliuwaza sana Julai 2025, serikali ilipowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo ufundi simu, saluni na uwakala wa pesa kwa simu. Wengi huku walishangilia, na siwalaumu. Muuza mabegi akimwona aliyekuwa anamuuzia jumla sasa anauza kimoja kimoja, mlango wa pili, ana haki ya kuuliza: mimi nile wapi? Rafiki yangu mmoja akanitupia hoja: "Hata seli ina mpaka, bwana. Isiyo na mpaka imekufa."

Hoja tamu, ila nusu. Seli iliyoziba kabisa nayo imekufa. Inayoishi ina milango, na ina pampu zinazotoa sodiamu nje usiku na mchana, zikila sehemu kubwa ya nishati yake. Kuwa na mpaka ni gharama ya kila siku, siyo tangazo la mara moja.

Halafu kuna Bagamoyo. Huko na Korogwe, kuanzia 2009, watoto walishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Ndani yake mna QS-21, kitu kinachotokana na gome la mti wa Chile, jamii ya saponini, zile zinazotoa povu kama sabuni. Kikiachwa peke yake hutoboa utando wa seli. Watengenezaji wakakiweka kwenye liposomu, vipovu vya mafuta yale yale, vyenye kolesteroli. Kolesteroli ikakishika, kikatulia, na kazi yake ya kuamsha kinga ikabaki. Mgeni ni yule yule. Kilichobadilika ni alivyopokelewa.

Najua, mtu siyo molekuli. Seli haina dhamiri, haimwonei aibu inayemfungia nje. Sisi tunamjua kwa jina, tumekula naye chipsi.

Nikamuuliza rafiki yangu kama watoto wa Bagamoyo wangelikataa gome la Wachile. Akacheka sana. "Gome," akasema, "halipandishi kodi ya fremu."

Sikuwa na jibu la haraka.