Kosa la Mkono au la Uwanja?

Huku Karagwe na Kyerwa, mtoto akimpa mgeni kahawa ya kutafuna kwa mkono wa kushoto, huambiwa abadili mkono. Besiboli, mchezo wa Wamarekani, nayo humbagua. Anayerusha kwa kushoto ni nadra kupewa besi ya pili, ya tatu, au nafasi iliyo kati yake. Sababu ipo: wakimbiaji huzunguka kinyume cha mishale ya saa, hivyo akidaka mpira hulazimika kugeuka kwanza ndipo aurushe besi ya kwanza. Wangezunguka upande mwingine, wa kulia ndiye angechelewa. Mila yaweza kuchagua mkono wa heshima. Haina haki ya kumwambia mtoto kwamba amezaliwa na kasoro.