Kuridhika kwa Nani?



Nyumbani kwangu Kilosa ninayo kompyuta kuukuu isiyojua picha. Kioo chake ni cheusi na maandishi ni meupe, wala haina kipanya. Ukitaka faili, sharti uandike amri herufi kwa herufi. Ukiamuru faili ifutwe, inaifuta bila kukuuliza. Naipenda. Haina matangazo, haimwiti mtu pembeni, na makala haya nimeyaandika humo.

Mwaka jana nilitaka kumpa kijana wetu wa Mikumi anayetunza daftari la ubatizo. Nikamhubiria habari za kuwa na kiasi. Akanijibu kwa upole, “Samahani, Mwalimu. Wewe umeichagua, mimi nitakuwa nimeachiwa.” Barua za dayosisi humjia kwa intaneti, na mashine yangu haiwezi kuzifungua.

Nilinyamaza. Nikakumbuka mwaka 1974, nikiwa mwanafunzi, Serikali ilipopiga marufuku kompyuta na televisheni kuingizwa nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na sababu hiyo naiheshimu hata leo. Lakini Hazina ilikwisha kuzitumia kompyuta tangu miaka ya 1960. Wakubwa walijua wanachokikataa. Sisi darasani hatukuwahi kuiona hata moja. Je, tulikuwa tumeridhika?

Basi huku kuridhika ninakomtakia kijana, ni wema, au ni ubahili uliovaa kanzu? (Wazee tunajua sana kuwagawia wengine kiasi.)

Katika kikao kijacho cha halmashauri nitaomba anunuliwe mashine mpya, nami nitatangulia kuchanga. Hii kuukuu nitabaki nayo.