Je, Ni Haki Kukimbia Ilhali Jembe Linangoja?



Vijana wetu wengi siku hizi wanaamka alfajiri, wanakimbia barabarani, kisha wanakwenda kulima kibarua, kufyatua matofali au kubeba mizigo sokoni. Wazee wengine wanalalamika kwamba nguvu za posho zinamwagwa barabarani. Vijana wanajibu kwamba mwili ni wao. Tumeona vema tulitafakari jambo hili pamoja, kwa maana linagusa nyumba nyingi.

Kwanza, tusiwahukumu vijana haraka. Jembe na mbio vyote hutoa jasho, lakini havifanani. Jembe tunalishika kwa sababu ya njaa. Tena mambo mengi ya mkimbizi hupangwa na wengine: siku ya posho, mstari wa kusimama, kiwanja cha kujenga. Mbio za asubuhi kijana amezichagua mwenyewe. Wengi wetu tulikimbia zamani kwa sababu ya risasi. Leo mtoto wetu anakimbia na hakuna anayemfukuza. Huo si upuuzi, ni neema, na anayeidharau hajakumbuka tulikotoka.

Pili, mwili si wa mtu peke yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho, nao ni mali ya Mungu aliyeununua (1 Kor. 6:19-20). Tunaongeza kwamba nguvu za kijana ni amana ya nyumba nzima. Akirudi amechoka akaacha nusu ya shamba, ni nani anayeimalizia? Ni mama yake. Naye akiwa barabarani, ni nani anayepanga foleni bombani? Ni dada yake, na jerikani ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mbio zinazolipwa na mgongo wa mtu mwingine si mazoezi, ni deni.

Tatu, kuna habari ya pumziko. Vijana hutukumbusha timu ya wakimbizi iliyoshiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Ni kweli, katika wanamichezo wale 10, watano walikuwa wakimbiaji waliotoka kambi ya Kakuma, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wao walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, wakafundishwa chini ya Tegla Loroupe, na mazoezi yakawa ndiyo kazi yao. Kijana wetu anaweka mbio juu ya jembe, na jembe juu ya posho ambayo hapa Uganda ilipunguzwa mwaka 2020 na tena 2021. Mwili haubagui mzigo wa shamba na mzigo wa barabara, unajumlisha yote. Tena misuli haijengwi wakati wa jasho, bali wakati wa kula na kulala.

Tumtazame Elia. Alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli (1 Fal. 18:46). Muda mfupi baadaye akawa mkimbizi kama sisi, akalala chini ya mti akitamani kufa. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mungu aliyemtia nabii nguvu za kukimbia ndiye aliyemlaza usingizi.

Basi, tunashauri hivi. Anayeanza akimbie siku tatu kwa juma, akichanganya kutembea na kukimbia, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenzake. Siku ya kibarua kizito apumzike au atembee tu. Anywe maji. Goti au muundi ukiuma siku kadhaa, aache mbio, na maumivu yakiendelea aende kituo cha afya. Watoto wa nyumba moja wapeane zamu ya maji, ili na wasichana wakimbie, kwa kikundi, kukishapambazuka. Nasi wazazi tusimwite mvivu kijana aliyelala mchana baada ya kazi.

Paulo alishona mahema kwa mikono yake huko Korintho (Mdo. 18:3), naye hakuona haya kutumia mfano wa mbio. Alisema mshindanaji hujizuia katika mambo yote (1 Kor. 9:25). Kujizuia huko si kula na kunywa tu. Ni pamoja na kujua siku ya kutokukimbia.

Jioni ya leo, kila nyumba iulizane: ni nani kati yetu amechoka kuliko wote, na ni mzigo gani tunaweza kumpunguzia kesho?

Bwana awape nguvu, tena awape pumziko. Amina.