Nani Shahidi wa Kweli?

Ndugu msomaji, uliza kwa nini basi la Korogwe limechelewa kufika Handeni. Dereva ana maelezo yake, utingo yake, abiria naye yake. Nani aaminiwe?

Sisi tunaohangaika na kompyuta tunalo swali hilo hilo. Chukua Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwenye mashine nyingi. Kwa kawaida kila kitu huwekwa nakala tatu, na kila mashine huandika logi, yaani daftari lake la matukio. Kukitokea hitilafu, daftari moja halitoshi, bwana. Yasome yote, tena saa zilingane: za mashine zinazosimamia zikipishana zaidi ya sekunde 0.05, mfumo hulalamika. Na saa yenyewe ni ipi? Seva inayofuata UTC huandika 17:00 wakati Handeni ni saa mbili usiku. Wote wanasema kweli.

Lakini kina cha logi huchaguliwa na mtu, kuanzia 0 hadi 20. Ukikipandisha, diski inajaa upesi, nawe unazama kwenye maneno. Ukikishusha, roho inatulia. Je, kulinyamazisha daftari ni uongo? Mimi nasema si uongo, ila ni deni. Siku faili la mgonjwa likipotea, wa kwanza kuulizwa awe yule aliyeamua kipi kisiandikwe. Tusiilaumu mashine tuliyoiziba mdomo wenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawe, unayeandika habari za watu, umeziba mdomo wa nani?