Aliyeshtukizwa Naye Ana Zamu

Mtu ambaye hakujua hatari inakuja, ana haki ya zamu yake? Hili swali nimelikuta kwenye mchezo. Jumamosi vijana wa kikundi chetu tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia na kupigana kwa dadu uliotoka Marekani mwaka 1974. Dadu ya pande ishirini hatuna. Tuna vikaratasi vya namba 1 hadi 20 ndani ya kopo, na vinatosha.

Ugomvi huanza mtu akinyata. Kijana anasema, "Nimejificha, narusha mshale!" Anataka mshale ufike hapo hapo kwa kuwa amesema kwanza. Kanuni hazimpi hiyo. Anachota namba ya kunyata, anajumlisha wepesi wake, na ikizidi umakini wa adui, basi hajaonekana. Halafu wote, adui pia, wanachota namba za kupanga zamu. Kusema kwanza si kutangulia. Wenye sauti kubwa kwenye foleni ya maji wangejifunza kitu hapa.

Na aliyeshtukizwa je? Kwa kanuni za 2014, zamu yake ya kwanza inapita bure: hasogei, hapigi. Za 2024 zimelegeza: anachota mara mbili na kubaki na namba ndogo. Pengine atachelewa, lakini atafanya kitu.

Vijana wetu wakivizia wanataka za 2014. Wakiviziwa wanataka za 2024. Hiyo si haki. Kanuni uliyoipenda ukiwa umeshika upinde, ikubali pia ukiwa umelala.

Dada mmoja alitetea za zamani: vita ndivyo vilivyo, aliyelala haamki na ngao mkononi. Ni kweli. Lakini mwingine akaongeza, "Si angekuwa macho!" Hapo mimi nakataa. Sisi tuliokimbia usiku tunaijua hiyo kauli. Watu wanatuuliza mbona hatukuona dalili, kama vile kushtukizwa ni kosa letu. Hata mchezo hausemi hivyo. Adui akichota namba nzuri, mlinzi hodari naye hamwoni. Kushtukizwa ni hasara, si hatia, na mwenye hasara haadhibiwi mara ya pili kwa kunyamazishwa.

Kuna jambo lingine ambalo vijana hulipita haraka. Kila mtu anapimwa peke yake. Mmoja anaweza kumwona adui wakati wenzake wote hawana habari. Huyo hajashtukizwa, lakini naona ana deni: zamu yake ikifika, apige kelele kwanza kabla ya kujitafutia pa kujificha. Kanuni hazimlazimishi. Utu ndio unamlazimisha.

Sisi tumeamua hivi: tunatumia za 2024, kwa pande zote mbili, na tunakubaliana kabla kopo halijatikiswa. Anayevizia abaki na faida yake, kanyata vizuri. Ila yule mwingine naye, hata akiwa wa mwisho, tumsubiri afanye lake.